Ufalme Uliozoea Kuishi Bila Mfalme

Kila mjadala wa kujitawala kwa Uskoti unapopamba moto, jina la kwanza kuitwa ni la Robert Bruce, mfalme aliyelishinda jeshi la Uingereza huko Bannockburn mwezi Juni mwaka 1314. Wapo wanaorudi nyuma zaidi, hadi kwa Kenneth MacAlpin aliyefariki mwaka 858, ambaye masimulizi ya kitaifa yalimfanya kwa karne nyingi kuwa mwasisi wa ufalme. Hoja inayojengwa juu ya majina hayo ni nyepesi: Uskoti ilikuwa na wafalme wake tangu kale, kwa hiyo inastahili kuwa na dola yake leo. Naiona hoja hiyo kuwa dhaifu, na udhaifu wake umewapa wapinzani wa kujitawala ushindi wa bure mara nyingi, kwa sababu Burgundy na Napoli nazo zilikuwa na wafalme, na hakuna anayezidai leo. Urithi wa wafalme wa kale wa Uskoti upo na una uzito katika siasa za sasa, lakini haumo katika damu yao wala katika mapanga yao. Umo katika jambo lisiloimbwa sana, nalo ni kwamba wafalme hao, bila kukusudia, walijenga ufalme ulioweza kuendelea kusema kwa jina lake wenyewe siku walipokosekana.

Niweke jambo moja sawa kabla ya kuendelea. Katika makala haya Uingereza ni ile nchi ya kusini peke yake. Dola nzima inayojumuisha Uingereza, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini naiita Ufalme wa Muungano.

Kenneth mwenyewe asingejitambua katika sifa alizopewa na vizazi vya baadaye. Kumbukumbu za Ireland zilizoandika kifo chake zilimwita mfalme wa Wapikti, watu walioishi kaskazini ya mto Forth, na hazikumwita mfalme wa Uskoti. Jina la ufalme wa Alba linaanza kutajwa katika kumbukumbu hizo kwa mjukuu wake, Donald wa Pili, aliyefariki mwaka 900. Hata Alba hiyo ilikuwa kipande tu cha nchi tunayoijua: kusini magharibi walikuwapo Wabritoni wa Strathclyde wenye mfalme wao, kusini mashariki katika Lothian watu walisema Kiingereza cha kale, na visiwa vya magharibi na kaskazini vilikuwa mikononi mwa Wanorwei. Lugha ya Kigaeli iliyotoka upande wa Ireland iliimeza ile ya Wapikti kiasi kwamba kilichobaki ni majina ya mahali na mawe yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa. Anayetafuta kabila moja la asili ambalo lilimiliki nchi hii na kujitawala tangu mwanzo atatafuta bila kupata.

Kinachopatikana ni kitu cha namna nyingine. Mwaka 906, kwenye kilima kilichokuwa karibu na Scone, Mfalme Constantine wa Pili na Askofu Cellach waliapa kwamba sheria na taratibu za imani pamoja na haki za makanisa zitalindwa. Kumbukumbu ya tukio hilo haizidi sentensi moja, na sitaki kuitwisha mzigo usioweza kuubeba, lakini inaonyesha mfalme akiahidi jambo mbele ya watu, mahali panapojulikana, badala ya kutangaza tu matakwa yake. Scone ikabaki kuwa mahali pa kuwatawaza wafalme. Wala hawakutawazwa kwa taji na mafuta kama wafalme wa Uingereza au Ufaransa, kwani ruhusa ya Papa ya kupakwa mafuta haikupatikana hadi mwaka 1329. Kabla ya hapo mfalme wa Uskoti alifanywa mfalme kwa kukalishwa juu ya jiwe na wakuu wa majimbo yake, na ukoo wake ukasomwa kwa sauti mbele ya waliohudhuria. Alexander wa Tatu alipokalishwa hapo mwaka 1249, akiwa mtoto wa miaka 7, alisimama mshairi na kuwataja mababu zake mmoja baada ya mwingine kwa Kigaeli. Mtoto yule hakuwa amefanya lolote la kustahili kiti hicho. Walikuwa watu wengine waliomfanya mfalme, na walijua kwamba wao ndio waliofanya hivyo.

Katika karne za mwanzo kiti chenyewe hakikupita moja kwa moja kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kilizunguka katika matawi ya ukoo wa kifalme, na mtu mzima mwenye nguvu na wafuasi alikuwa na nafasi nzuri zaidi kuliko mtoto wa marehemu. Utaratibu huo ulimwaga damu nyingi, na si wa kutamaniwa. Ndio uliomweka Macbeth madarakani mwaka 1040 baada ya kumwua Mfalme Duncan, na ndio unaoeleza kwa nini alitawala miaka 17 akiwa mfalme wa kawaida kabisa wa zama zake, tofauti na yule dhalimu wa tamthilia ya Shakespeare. Mwaka 1050 alikwenda kuhiji Roma, akawagawia maskini fedha huko. Mfalme anayehofia kupinduliwa kila uchao haondoki nchini kwa safari ya miezi mingi.

Mabadiliko makubwa yalikuja na David wa Kwanza, aliyetawala kuanzia mwaka 1124 hadi 1153. Huyu alikulia katika jumba la mfalme wa Uingereza, na aliporudi alileta watu na taratibu alizoziona huko. Alianzisha miji yenye hati za kibiashara, akatengeneza sarafu za kwanza za Uskoti, akajenga abasia, akaweka maofisa wa kifalme wa kusimamia sheria na mapato majimboni, na akawapa ardhi makabaila waliotoka Normandy na Brittany. Miongoni mwao alikuwamo Robert de Brus, aliyepewa Annandale, na Walter mwana wa Alan, msimamizi wa nyumba ya mfalme, ambaye kizazi chake kiliitwa Stewart na kikaja kutwaa ufalme mwaka 1371. Kwa maneno mengine, shujaa wa Bannockburn alitoka katika ukoo wa wageni walioalikwa, na nasaba iliyotawala Uskoti kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote katika karne zilizofuata ilikuwa na asili ya Brittany. Hati za wafalme wa karne ya 12 zilianza kwa kuwasalimu raia wao Wafaransa, Waingereza, Waskoti na watu wa Galloway. Ofisi ya mfalme ilijua wazi kwamba inatawala mchanganyiko, na haikuona haya kuandika hivyo. Wanaoupinga uhuru wa Uskoti kwa kudai kuwa ni siasa ya kikabila hawaijui historia hii, na wale wachache wanaoutetea kwa misingi ya kikabila hawaijui vilevile.

Mipaka na mamlaka vilipatikana kwa njia zisizo na ushujaa mwingi. Mwaka 1174 Mfalme William, aliyeitwa Simba, alitekwa na Waingereza huko Alnwick, akalazimishwa kukubali kwamba ufalme wake uko chini ya mfalme wa Uingereza. Miaka 15 baadaye Richard wa Kwanza, aliyekuwa anakusanya fedha za vita vya msalaba, alifuta makubaliano hayo kwa malipo ya marki 10,000. Uhuru wa nchi ulirudishwa kwa risiti. Mwaka 1192 Papa alilitambua Kanisa la Uskoti kuwa binti maalumu wa Roma, asiye na msimamizi katikati, na hivyo maaskofu wake wakaepuka kuwa chini ya askofu mkuu wa York. Mwaka 1237 mkataba uliotiwa saini huko York ulikubali mpaka wa kusini ambao, isipokuwa mji wa Berwick na vipande vichache, ndio uliopo hadi leo. Mwaka 1266 visiwa vya magharibi vilinunuliwa kutoka kwa mfalme wa Norwei kwa marki 4,000 na malipo ya marki 100 kila mwaka. Nayataja haya kwa pamoja kwa sababu ndiyo kazi halisi ya ufalme: kanisa lisilosimamiwa kutoka nje, mpaka unaotambuliwa na jirani, sheria moja inayozidi kuenea. Vitu hivyo havihitaji mfalme hodari ili viendelee kuwapo.

Jaribio lilikuja usiku wa tarehe 19 Machi 1286. Alexander wa Tatu alikuwa anarudi kwa mke wake huko Kinghorn katika dhoruba, akatengana na wenzake, na asubuhi yake akakutwa amekufa ufukweni. Watoto wake wote walikuwa wametangulia kufa. Mrithi aliyebaki alikuwa mjukuu wake Margaret, mtoto mdogo wa kike aliyekuwa Norwei kwa baba yake. Katika Ulaya ya wakati ule hali kama hiyo ilikuwa mwaliko wa vita vya wenyewe kwa wenyewe au wa uvamizi wa jirani, na watu wawili wenye madai ya kiti, Bruce mzee, babu yake Robert Bruce, na John Balliol, walikuwa tayari wanaviziana. Badala ya kuachia panga liamue, wakuu wa nchi walikutana Scone wakachagua Walezi sita wa Ufalme, wakiwa maaskofu wawili, watawala wa majimbo wawili na makabaila wawili. Walezi hao walitawala kwa jina la malkia ambaye hakuwahi kukanyaga nchi yake kuu, na kwa jina la kitu walichokiita jumuiya ya ufalme.

Nashauri msomaji autazame muhuri walioutumia. Muhuri wa mfalme huwa na sura ya mfalme akiwa kitini na akiwa juu ya farasi. Huu wa Walezi haukuwa na sura ya mtawala yeyote. Upande mmoja ulikuwa na ngao yenye simba, na maandishi yake ya Kilatini yalisema kuwa ni muhuri wa Uskoti uliowekwa kwa ajili ya kuuongoza ufalme. Upande wa pili alikuwapo Mtakatifu Andrea msalabani, akiombwa awe kiongozi wa Waskoti wenzake. Karne nne kabla ya hapo, yaani siku za Kenneth, nchi isingeweza hata kufikirika bila mtu wa kuishikilia. Sasa ilikuwa na anuani yake rasmi, ikiandika barua, ikikusanya kodi na kuamua kesi, na kiti kikiwa kitupu.

Walezi hao walifanya kazi moja ambayo, kwa maoni yangu, inastahili kukumbukwa zaidi ya vita vyovyote. Edward wa Kwanza wa Uingereza alitaka Margaret aolewe na mwanawe, jambo ambalo lingeunganisha falme mbili chini ya familia moja. Waskoti hawakukataa, ila walidai masharti, na masharti hayo yakaandikwa Birgham mwezi Julai 1290. Ufalme wa Uskoti ungebaki umetengana na huru ndani ya mipaka yake, bila kuwa chini ya Uingereza. Hakuna Mskoti ambaye angelazimika kujibu mashtaka nje ya nchi kwa jambo lililotendeka ndani yake, na hakuna bunge la kujadili mambo ya Uskoti ambalo lingekaa nje ya mipaka hiyo. Huo ni muungano wa taji moja na serikali mbili, ulioandikwa miaka 313 kabla ya muungano wa mataji kutokea kweli mwaka 1603. Lakini ndani ya maandishi hayo lilikuwamo pia fungu dogo lililohifadhi haki zozote ambazo mfalme wa Uingereza angeweza kuwa nazo. Margaret alifariki Orkney mwezi Septemba mwaka huohuo akiwa njiani kuja, na mwaka uliofuata Edward alifika Norham akiwa na jeshi na kutaka atambuliwe kuwa bwana mkuu wa Uskoti. Jibu alilopewa lilikuwa la akili: kwamba hawaijui haki hiyo anayoidai, na kwamba jambo kama hilo haliwezi kujibiwa na yeyote ila mfalme, naye mfalme hayupo.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Balliol alipewa kiti mwaka 1292, Edward akaanza kusikiliza rufaa za kesi za Uskoti huko Westminster, London, wakuu wa nchi wakampokonya Balliol madaraka mwaka 1295 na kuyaweka mikononi mwa baraza la watu 12 lililofunga mapatano na Ufaransa, na mwaka 1296 Edward akavamia, akamvua Balliol ufalme, akalichukua jiwe la Scone na kulipeleka Westminster. William Wallace alipoinuka mwaka uliofuata hakujitangazia ufalme. Mwezi mmoja baada ya ushindi wa daraja la Stirling wa tarehe 11 Septemba 1297, yeye na Andrew Moray waliwaandikia wafanyabiashara wa Lübeck na Hamburg kuwajulisha kwamba bandari za Uskoti zimefunguliwa tena, na waliandika wakiwa viongozi wa jeshi la ufalme na kwa jina la jumuiya ya ufalme huo. Mfalme alikuwa mfungwa wa Edward, ilhali nchi inatangaza biashara.

Hapa ndipo ninapomtazama Bruce kwa jicho tofauti na la wanaomtukuza. Mtu huyu alimwua mpinzani wake John Comyn ndani ya kanisa huko Dumfries mwezi Februari 1306, na wiki sita baadaye akatawazwa Scone. Alikuwa jemadari wa kipekee, lakini uhalali wake ulikuwa na ufa tangu siku ya kwanza. Barua maarufu ya Arbroath, iliyoandikwa tarehe 6 Aprili 1320 kwa Papa John wa 22, ilikuwa kwa sehemu kubwa juhudi ya kuuziba ufa huo. Ilidai kuwa Waskoti walitoka Scythia, na kwamba walitawaliwa na wafalme 113 wa ukoo wao bila mgeni hata mmoja kuingia katikati, jambo ambalo mwandishi wake, akiwa anamtumikia mfalme wa ukoo uliotoka Normandy, bila shaka alijua kuwa si kweli. Baadhi ya makabaila ambao mihuri yao ilining'inia kwenye barua hiyo walikutwa katika mwaka huohuo wakipanga njama dhidi ya Bruce. Wala waliozungumza humo hawakuwa wakulima wa Fife au wavuvi wa Lothian. Walikuwa wenye ardhi wakitetea ardhi.

Hata hivyo, barua hiyo ina kifungu ambacho mfalme mwenyewe aliruhusu kiandikwe, nacho kinasema kwamba iwapo Bruce ataiacha kazi aliyoianza na kutaka kuwaweka chini ya mfalme wa Uingereza, watamfukuza kama adui na kumfanya mwingine kuwa mfalme wao. Ni rahisi kusema kwamba haya yalikuwa maneno ya kumtisha Papa na Waingereza, na pengine ndivyo yalivyokuwa. Lakini maneno ya namna hiyo hayaandikwi katika nchi ambayo hakuna anayeyaelewa. Yalieleweka kwa sababu watu walewale, au baba zao, walikuwa wameiendesha nchi bila mfalme kwa miaka mingi kati ya 1286 na 1306, na walishamwondolea Balliol madaraka mara moja. Fikra ikafuata uzoefu. Mwaka 1689 bunge la Edinburgh lilipotangaza kwamba James wa Saba amepoteza haki ya taji kwa kuvunja masharti yake, lilikuwa linatembea katika njia iliyokwisha kukanyagwa.

Kufikia hapo mfalme alikuwa ameondoka kitambo. James wa Sita alirithi kiti cha Uingereza mwaka 1603 akahamia London, na baadaye alijisifu kwamba anaitawala Uskoti kwa kalamu. Mwaka 1707 bunge nalo lilijifuta baada ya msiba wa kifedha wa koloni ambalo Waskoti walijaribu kulianzisha Darien, huko Panama, na baada ya Uingereza kuahidi malipo ya takriban pauni 398,000, ambayo sehemu yake ilikuwa ya kuwafidia waliopata hasara. Wananchi waliandamana kupinga, na hawakusikilizwa. Lakini mkataba wa muungano uliziacha mahakama na sheria za Uskoti zikae peke yake, na sheria nyingine iliyoambatana nao ikalilinda Kanisa la Kipresbiteri pamoja na vyuo vikuu. Kwa mara ya pili sehemu kubwa ya ufalme iliendelea kutenda kazi huku kichwa chake kikiwa mahali pengine. Ndiyo maana nasema kwamba bunge lililozaliwa mwaka 1999 halikuanzia hewani: lilikuta nchi yenye majaji wake, mitaala yake na mpaka wa kisheria ambao mtu anauvuka akienda kusini hata leo, iwe anataka talaka au anagombania nyumba.

Jaji Cooper wa mahakama kuu ya Edinburgh alilisema jambo hili mwaka 1953, katika kesi iliyopinga Malkia Elizabeth kuitwa wa Pili, ilhali Uskoti haikuwahi kuwa na Elizabeth wa Kwanza. Walioleta shauri walishindwa, lakini jaji aliandika kwamba kanuni ya bunge lenye mamlaka yasiyo na kikomo ni ya Kiingereza, na haina mwenziwe katika sheria ya katiba ya Uskoti. Miaka hiyo ilikuwa na vuguvugu lake. Mwaka 1949 ulianzishwa waraka wa kudai bunge la ndani uliokusanya saini zinazokadiriwa kufikia milioni 2, na usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1950 wanafunzi wanne waliliiba jiwe la Scone kutoka Westminster, likaja kuachwa katika magofu ya abasia ya Arbroath mwezi Aprili uliofuata. Julius Nyerere alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Si lazima kudai kwamba alichota hapo mfano wa Muungano wa 1964, lakini Mtanzania akiutazama mpangilio wa Ufalme wa Muungano hawezi kukosa kuona sura anayoijua: mshirika mdogo ana serikali yake, mshirika mkubwa hana serikali iliyo yake peke yake, na mambo yake yanaamuliwa katika bunge la wote. Mbunge Tam Dalyell aliuliza tangu mwaka 1977 ni haki gani itakayomruhusu mbunge wa Uskoti kupigia kura mambo ya Uingereza ilhali mbunge wa Uingereza hawezi kupigia kura yale ya Uskoti. Dodoma na Zanzibar wanaujua mjadala huo kwa lahaja yao.

Njia ya kulirudisha bunge ilikuwa na vikwazo. Katika kura ya maoni ya mwaka 1979 waliosema ndiyo walikuwa asilimia 51.6 ya waliopiga kura, lakini sheria ilidai wawe asilimia 40 ya wote walioandikishwa, na hawakufika. Tarehe 11 Septemba 1997, miaka 700 kamili tangu siku ya daraja la Stirling, asilimia 74.3 walikubali. Bunge lenye wajumbe 129 lilikutana mwezi Mei 1999, na mjumbe mkongwe kuliko wote, Winnie Ewing, alilifungua kwa kusema kwamba Bunge la Uskoti lililoahirishwa tarehe 25 Machi 1707 sasa linaitishwa tena. Ilikuwa kauli tamu, na kisheria haikuwa sahihi. Bunge la mwaka 1707 lilikuwa la dola huru. Bunge la mwaka 1999 liliundwa na sheria ya mwaka 1998 ya Westminster, yaani bunge la Ufalme wa Muungano, na sheria hiyo inasema katika kifungu cha 28 kwamba mamlaka ya Westminster ya kuitungia Uskoti sheria hayaguswi.

Nilipolitaja lile fungu dogo la Birgham lililohifadhi haki za Edward, nilikuwa na kifungu hiki akilini. Kwa miaka mingi hakikumsumbua mtu, kwa sababu palikuwapo mwafaka kwamba Westminster kwa kawaida haitatunga sheria katika mambo ya ndani ya Uskoti bila ridhaa ya bunge la Edinburgh. Mwaka 2016 mwafaka huo uliandikwa hata ndani ya sheria, pamoja na tamko kwamba bunge la Uskoti ni la kudumu na halitafutwa bila uamuzi wa wananchi wake. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Ufalme wa Muungano ilieleza kwamba maneno yale kuhusu ridhaa ni ahadi ya kisiasa ambayo mahakama haiwezi kuisimamia. Mwaka 2018 sheria ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya ilipitishwa ingawa Edinburgh ilikataa ridhaa, na ingawa asilimia 62 ya wapiga kura wa Uskoti walitaka kubaki katika umoja huo. Mwaka 2023 serikali ya London ilitumia kwa mara ya kwanza kifungu cha 35 cha sheria ileile ya mwaka 1998 kuuzuia muswada uliokwisha kupitishwa Edinburgh, uliohusu utaratibu wa kisheria wa kubadili jinsia. Mtu anaweza kuuona muswada huo kuwa mbaya na bado akaona tatizo: hapakuwa na jipya lililoandikwa, kilichobadilika ni masilahi ya mwenye fungu la akiba.

Haki inadai niseme pia kwamba jumuiya ya ufalme ya leo, ambayo inajumuisha hata vijana wa miaka 16, iliulizwa waziwazi tarehe 18 Septemba 2014 na ikajibu. Asilimia 84.6 ya walioandikishwa walijitokeza, na asilimia 55.3 kati yao wakachagua kubaki. Chama cha SNP, kinachopigania uhuru wa Uskoti, hakina ruhusa ya kulipuuza jibu hilo kwa kuita roho ya Arbroath, kwani kama msingi wa kila kitu ni ridhaa, basi ridhaa ya kubaki ni ridhaa kamili. Kura ile ilifanyika kwa makubaliano ya mwaka 2012 kati ya Waziri Mkuu David Cameron na Waziri Kiongozi Alex Salmond, na makubaliano hayo yalikuwa ya mara moja. Edinburgh ilipotaka kuitisha nyingine kwa sheria yake yenyewe, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 23 Novemba 2022, kwa kauli moja, kwamba haina uwezo huo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa mujibu wa sheria iliyopo, na ndiyo sababu hasa ya kuitazama upya sheria yenyewe.

Mfano haupo mbali. Sheria ya Ireland ya Kaskazini ya mwaka 1998, iliyopitishwa na bunge lilelile katika mwaka uleule, inamlazimu waziri anayehusika kuitisha kura ya kujiunga na Jamhuri ya Ireland pale atakapoona kuwa wengi wana uwezekano wa kuikubali, na inakataza kura nyingine isifanyike kabla ya miaka 7 kupita. Utaratibu huo una kasoro, hasa kwa kuwa unamwachia waziri mmoja kupima mawazo ya wananchi, lakini unakiri katika maandishi kwamba muungano ni wa hiari, na unaonyesha mlango ulipo. Uskoti imeambiwa mara nyingi na mawaziri wakuu wa vyama vyote viwili vikubwa kwamba iko katika muungano wa hiari, na mlango haujaonyeshwa. Sheria ya namna hiyo ingewabana wapigania uhuru vilevile, kwa kuwa ingewanyima nafasi ya kudai kura mpya kila baada ya uchaguzi, na ingewalazimu wajenge kwanza wingi ulio imara kuhusu sarafu, mpaka na pensheni, mambo ambayo mwaka 2014 waliyajibu kwa wepesi mno. Wahafidhina walikaa madarakani hadi Julai 2024 bila kuipendekeza, na serikali ya Labour iliyowafuata imesema tu kwamba haitaruhusu kura nyingine.